Alizaliwa 1998, Lakini 1998 ya Nani?

Mwezi gani una siku tano? Swali hilo ndilo lililonifanya nisimamishe picha, nivue hedifoni, nimwite mtengenezaji wa filamu aliyekuwa nje akizungumza na simu. Nilikuwa katika chumba cha uhariri ghorofani Kibokoni, feni ikizunguka kwa uvivu, nikiandika maandishi ya chini ya skrini kwa filamu ya hali halisi. Inamhusu kijana mkimbizi aliyefika Mombasa peke yake, akaomba hifadhi, akanyimwa. Kwenye skrini kijana amekaa juu ya tairi la lori, anacheka kwa mara ya kwanza katika dakika arobaini za picha ghafi. Anasema kwa Kiswahili chake cha kuokota huku na kule: "Mama alikuwa ananiambia, wewe ulizaliwa mwezi mdogo, ule wa siku tano, ndiyo maana hunenepi."

Mtu mwingine angeandika maneno yale yalivyo na kuendelea. Mimi nimefanya ukalimani mahakamani kwa miaka zaidi ya ishirini kabla ya kustaafu, na ugonjwa wa kazi ile hauniachi: neno likinikwama kooni sivuki. Tena babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi. Hakuhesabu safari zake kwa Januari wala kwa mfungo mosi. Alihesabu kwa miongo ya Nairuzi, mwaka wa kibaharia wa Waswahili, siku kumi kumi, miongo thelathini na sita, na mwaka ukifika mwisho zinabaki siku tano zisizo na mwongo. Kwa hiyo niliposikia "siku tano" sikudhani kijana anapayuka. Nilijua anazungumzia mwaka mwingine, usio huu wetu wa kalenda ya ukutani.

Nitamwita Jarso, jina ambalo si lake. Ameniruhusu nikiandike kisa hiki kwa sharti kwamba nisitaje kijiji chake wala mtu aliyempa malazi.

Ni Muoromo wa kusini mwa Ethiopia. Tangu mwaka 2018 upande ule umekuwa na vita kati ya majeshi ya serikali na wapiganaji wa Jeshi la Ukombozi wa Oromo, na Mei 2021 bunge la Ethiopia likalitangaza jeshi hilo kuwa kundi la kigaidi. Kuanzia hapo mwenye duka aliyeuza unga kwa mtu asiyemjua aliweza kushtakiwa kuwa analisha magaidi. Babake Jarso alikuwa na duka. Askari walimchukua usiku. Kaka mkubwa naye akawa hayuko. Mama akauza mbuzi wawili, akampa kijana pesa na namba ya simu ya mtu wa Moyale, mji uliokatwa na mpaka katikati, nusu Ethiopia nusu Kenya. Kutoka Moyale alipanda malori: Marsabit, Isiolo, Nairobi, na mwisho lori lililokuwa likirudi bandarini kuchukua mzigo. Alishukia Changamwe mapema mwaka 2022. Miezi ya kwanza alilala chini ya malori na kuyaosha, shilingi mia, wakati mwingine sahani ya ugali. Baadaye mama mmoja Muoromo aliyeolewa Majengo akamwona na kumchukua nyumbani.

Niseme hapa jambo ambalo vijana wa leo hawalijui. Mombasa iliwahi kuwa na kambi za wakimbizi. Somalia ilipovunjika mwaka 1991 watu walitujia kwa majahazi, wakakaa Utange, wakakaa Swaleh Nguru. Wengi walikuwa watu wa Barawa, na Chimwini chao ni ndugu wa Kiswahili chetu. Ukisikiliza kwa makini unaambulia nusu ya maneno bila mkalimani. Kambi zile zilifungwa kabla ya miaka ya 1990 kwisha, na tangu wakati huo mkimbizi anatarajiwa awe Dadaab au Kakuma. Anayebaki mjini hapa anaishi kama mgeni aliyechelewa kuaga. Jarso hakuwa na kambi wala lugha ya kushirikiana na mwenye kumhoji.

Alihojiwa Agosti 2022. Barua ya kukataliwa ikaja Februari 2023. Nimeisoma mara nyingi kuliko barua yoyote iliyowahi kuandikwa kwa jina langu mwenyewe. Sababu zilikuwa tatu. Kwanza, mwombaji anadai ni mtoto hali yeye mwenyewe ametaja mwaka wa kuzaliwa unaomfanya kuwa na umri wa miaka 24. Pili, saa ya tukio la kukamatwa kwa babake inatofautiana kati ya maelezo ya kwanza na ya pili. Tatu, alikaa nchini miezi kadhaa bila kujitambulisha. Hitimisho lake ni kwamba hasadikiki.

Niingie kwenye ile ya kwanza, maana ndiyo iliyozaa nyingine.

Aliulizwa: ulizaliwa mwaka gani? Akajibu: 1998. Mkalimani, mama Mborana (nao ni Waoromo) mzaliwa wa Marsabit, akatafsiri 1998. Afisa akaandika tarehe 1 Januari 1998, kama wanavyoandika kila wakipata mwaka bila siku. Hakuna aliyedanganya katika chumba kile. Mkalimani alifanya tunalofundishwa wakalimani wote, usiongeze wala usipunguze, na uaminifu wake ndio uliomponza kijana. Yeye ni Mkenya. Lugha ni ileile ng'ambo hii na ile ya mpaka, kalenda siyo.

Mwaka wa Ethiopia una miezi kumi na mitatu. Kumi na miwili ni ya siku thelathini thelathini, na wa kumi na tatu, Pagume, una siku tano, au sita kila baada ya miaka minne. Mwaka mpya wao huangukia Septemba 11 au 12. Na hesabu ya miaka yenyewe iko nyuma ya hii tunayoitumia: saba kuanzia Septemba hadi Desemba, minane kuanzia Januari. Anayebisha akumbuke kwamba Waethiopia walisherehekea kuingia mwaka 2000 mnamo Septemba 2007, dunia nyingine ikiwa imekwisha kuzichoka fataki za milenia.

Jarso alizaliwa tarehe 3 Pagume 1998. Kwa kalenda yetu hiyo ni Septemba 8, 2006. Siku aliyohojiwa alikuwa na miaka kumi na mitano. Kwenye karatasi alikuwa na ishirini na minne.

Nililieleza hili kwa mtengenezaji wa filamu, binti wa Mombasa aliyezaliwa Tudor, mwenye akili na moyo, naye akanijibu kwa kunionyesha simu. Alikuwa amepata hamu ya kutengeneza filamu hii kwa kutazama habari za vijana wa Afghanistan waliokimbilia Sweden. Mwaka 2015 watoto zaidi ya 35,000 waliingia Sweden bila wazazi, wengi wao Waafghani, na kuanzia 2017 serikali ya huko ikawa inawapima umri kwa picha za magoti na magego. Wengi waliondoka kwenye kipimo wakiwa watu wazima. "Ami," akaniuliza, "mbona wale hawakupata shida ya kalenda? Si Waafghani nao wana mwaka wao?"

Swali lake lilikuwa zuri, nikaenda nalo nyumbani. Jibu nililolipata ni hili. Mwafghani akisema alizaliwa mwaka 1380, hakuna karani duniani atakayeandika 1380 na kugonga mhuri. Namba inapiga kelele, na karani atatafuta jedwali la kubadilishia hata kama hataki. Vivyo hivyo mtu wetu akisema mwaka wa Hijria. Lakini 1998 haipigi kelele. Inaingia kwenye fomu kimya kimya, imevaa nguo kama zetu. Pengo la karne sita linajionyesha lenyewe, na hili la miaka minane linapita mlangoni hakuna anayegeuka. Tena linapita likielekea upande mbaya kabisa, maana linamchukua mtoto na kumtoa mtu mzima. Kumbuka pia kwamba Jarso ni mrefu, mikono yake imekakamaa kwa sabuni ya malori. Afisa alimtazama, akatazama namba, vikakubaliana.

Kinachoniudhi ni kuhusu saa, kwa sababu hapo sisi Waswahili hatuna pa kujificha.

Jarso alisema askari walikuja saa nane usiku. Waethiopia huhesabu saa kama sisi, kutoka macheo na kutoka machweo. Saa nane usiku kwao ni saa nane usiku kwetu, manane, watu wamelala. Lakini mahojiano yalikuwa yakitafsiriwa kwa Kiingereza moja kwa moja, na nane ikabaki nane. Kwenye maelezo ya kwanza babake amekamatwa saa mbili za usiku, watu wakila. Katika mahojiano ya pili, na mkalimani mwingine aliyebadili saa kama ipasavyo, amekamatwa usiku wa manane. Tofauti ya saa sita kamili. Katika jiji ambalo kila mtoto wa chuoni anajua kwamba saa inayoonyesha nane asubuhi inasomwa saa mbili, hakuna aliyejiuliza mbona tofauti ni sita hasa, si tano wala saba.

Ile sababu ya tatu haihitaji maneno mengi. Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inamtaka anayeingia ajitambulishe ndani ya siku 30. Mwenye miaka kumi na mitano anayelala chini ya lori Changamwe ataambiwa na nani habari ya siku 30? Katiba, Ibara ya 53, inasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu. Ukimwona kuwa ni mtoto, sababu ya tatu inaanguka yenyewe. Ndiyo maana nasema ile ya kwanza ndiyo mama yao.

Siku niliyokwama kwenye mwezi wa siku tano ilikuwa ya kumi na tisa tangu barua ifike. Rufaa ina siku 30.

Sasa nije kwenye filamu yenyewe, na hapa najua nitawakera marafiki.

Binti alipoelewa maana ya Pagume aliruka kwa furaha. Nilimwelewa. Kwa mtengenezaji wa filamu huo ni mgeuko wa hadithi unaokuja mara moja katika maisha. Alitaka siku ileile tukampige picha Jarso akielezwa kwa mara ya kwanza kwamba amekataliwa kwa sababu ya kalenda, uso wake ubaki kwenye skrini. Nikamwambia wakili kwanza. Tukabishana mpaka adhana ya magharibi.

Nilikuwa na wasiwasi mwingine, ulionianza tangu nilipoanza kuandika maandishi ya chini. Fomu ya ridhaa ilikuwa kurasa mbili za Kiingereza. Mama wa Majengo alitia kidole gumba kama mlezi, lakini yeye si mlezi kisheria, ni msamaria. Jarso alitia sahihi. Siku moja, kamera imezimwa, tukinywa kahawa chungu kwa kashata, nikamwuliza alielewa nini aliposaini. Akanitazama kama ninayeuliza jambo la wazi.

"Mzee, mimi nilidhani kamera ni ya ile ofisi. Mara ya kwanza walinihoji bila kamera, wakakataa. Nikasema, labda mbele ya kamera wataamini."

Siku zote zile za kupigwa picha. Kila alichosema kuhusu babake, kuhusu njia, kuhusu usiku wa Moyale, alikisema akidhani yuko mbele ya wanaoamua. Binti hakumdanganya, naapa. Alimwambia "tunatengeneza filamu ili watu wajue kisa chako." Lakini kwa mtu anayesubiri kuaminiwa, "watu" ni wale tu wenye mhuri. Nilipomweleza binti maneno haya alikaa chini kwenye ngazi, hakusema kitu kwa muda mrefu. Ndipo nilipoanza kumheshimu zaidi.

Kulikuwa na vipande viwili vilivyonitia hofu hasa. Katika kimoja Jarso anasimulia jinsi alivyomwambia mwenye malori kwamba ana miaka ishirini, ili apewe kazi. Katika kingine anasema kaka yake "alikwenda msituni". Kwenye mahojiano alisema kaka yake "alipotea".

Mtu wa nje atasema hapo kuna uongo mara mbili. Mimi nimesikia mashahidi maelfu, na najua kwamba mtu hasimulii kisa kimoja mara mbili kwa namna moja, labda awe amekikariri, na aliyekariri ndiye wa kutiliwa shaka. Kwa mama aliyeachwa nyumbani, mwana aliyekwenda msituni amepotea. Maneno yote mawili ni kweli kwake. Lakini ofisi haisikilizi kwa sikio la mama. Na kipande cha kaka kikitoka hadharani, kikafika kijijini kwa simu ya mtu, atakayebisha hodi kwa mama yule hatakuwa na haja ya maandishi ya chini.

Kuna wanaosema, na mmoja alinieleza kwa dhati kabisa, kwamba uso ukijulikana kesi inapata nguvu: sasa kijana hawezi kurudishwa, maana amekuwa maarufu. Sheria inaweza kulipima jambo hilo, ni kweli. Ila mimi siwezi kumshauri mtu achome nyumba ili apate haki ya kuomba maji. Aliye nje ya mpaka ni Jarso peke yake. Waliobaki ndani hawakusaini fomu yoyote.

Mfadhili wa ng'ambo aliandika kwamba watazamaji wanahitaji uso. Binti akaja na barua pepe ile mkononi.

"Ami, bila uso hakuna filamu."

"Mamake yuko wapi?" nikamwuliza.

"Yuko kule kule."

"Basi."

Wakili, mwanamke wa Mombasa asiyependa maneno mengi, alifanya jambo nililoliona la busara kuliko yote katika kisa hiki. Hakuomba vipande vile vifutwe. Aliomba visionyeshwe, halafu akaviweka yeye mwenyewe ndani ya rufaa. Katika hati ya kiapo Jarso anakiri kwamba alimdanganya mwenye malori kuhusu umri, na anaeleza kwa nini. Anaeleza habari ya kaka kwa urefu, mahali ambapo maombi ya hifadhi yanalindwa kwa siri na hayapelekwi kwa serikali ya alikotoka. Kwa njia hiyo hakuna atakayeibuka kesho na kusema kuna kilichofichwa. Wenye kuamua walipewa kila kitu, na watazamaji hawakupewa kisichowahusu.

Kwa ushahidi wa umri alihitaji karatasi. Mama Jarso alituma picha ya kadi ya shule kwa simu ya jirani, imekunjamana, kona moja imeliwa na mchwa. Darasa la sita, mwaka 2012, umri miaka 13. Ukiisoma kwa haraka haithibitishi lolote, kwa kuwa aliyezaliwa 1998 angeweza kuwa na umri huohuo mwaka 2012 kwa kalenda yoyote ile, yao au yetu. Wakili alikuwa karibu kuiweka kando. Kisha mkalimani, yule yule mama wa Marsabit aliyeitwa atusaidie na akaja bila kununa, akasoma mwandiko wa mwalimu pembeni ya alama za muhula wa pili, ambazo zilikuwa tupu: shule imefungwa kwa sababu ya korona.

Mwaka 2012 wetu haukuwa na korona. Shule za Ethiopia zilifungwa Machi 2020, na Machi 2020 kwao ni mwaka 2012.

Mkalimani yule alishika simu yenye picha ya kadi kwa mikono miwili, akaanza kulia. "Mimi ndiye niliyesema tisini na nane," akawa anarudia. Nilimwambia ningekuwa mimi kwenye kiti kile ningesema vivyo hivyo, na sikusema kwa kumliwaza. Ningesema kweli vivyo hivyo.

Rufaa iliwasilishwa siku ya ishirini na nane. Wakili aliambatisha kadi, tafsiri yake, jedwali la kalenda mbili, na hoja kutoka Maoni ya Jumla Namba 6 ya Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2005: pakiwa na shaka juu ya umri, na kuna uwezekano kwamba mtu ni mtoto, atendewe kama mtoto. Kenya iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990. Aliongeza pia kwamba Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 unamtambua kama mkimbizi hata anayekimbia machafuko makubwa ya amani, bila kulazimika kuthibitisha kwamba risasi ilikuwa na jina lake.

Uamuzi wa kwanza ulitenguliwa, na ikaamriwa ahojiwe upya kama mtoto. Ahojiwe upya lini? Julai 2024. Alikuwa na miaka kumi na saba na miezi kumi. Utoto aliokuwa ameurudishiwa kwa karatasi alibaki nao wiki kadhaa. Septemba 8 akatimiza kumi na minane kwa kalenda zote mbili, na kila kilichotakiwa kufanywa kwa mtoto, mlezi wa kisheria, shule, mahali salama pa kulala, kikawa hakimhusu tena. Jibu la mahojiano mapya halijatoka ninapoandika.

Filamu ilikamilika bila uso wake. Kuna mikono, maji ya sabuni, matairi, sauti iliyobadilishwa kidogo, na kadi ya shule iliyofichwa jina. Mfadhili alipunguza pesa. Ilionyeshwa jioni moja katika ukumbi mdogo karibu na Makadara, kwa watu kama arobaini walioalikwa, viti vya plastiki, milango wazi kwa ajili ya joto. Jarso alikaa nyuma kabisa karibu nami. Watu walipiga makofi. Mzee mmoja alisimama kusema kwamba hakuwahi kujua Waethiopia wana saa kama yetu, akashangiliwa kuliko filamu.

Nilipogeuka Jarso alikuwa amenuna.

"Mzee, mbona mimi simo?"

Nikaanza kumweleza tena, mama, kijiji, simu za watu. Akanikatiza kwa heshima, akasema hayo anayajua. Anachotaka ni kile kipande cha mwezi mdogo, pale alipokaa juu ya tairi akicheka. Hicho tu. Mamake hajamwona akicheka tangu aondoke.

Kipande chenyewe ni sekunde ishirini na mbili. Hakina jina wala mahali. Nilimpigia wakili kwanza, kisha nikampigia binti, na asubuhi yake nikakitia kwenye simu ya Jarso.